Mlango wa Mzee Obadiah

Bwana Afya alikuja amevaa tai. Katika joto la Voi mwezi wa pili, mwanamume mwenye akili zake havai tai saa nne asubuhi ila awe anakwenda kuoa, kuzika, au kumharibia mtu siku. Tryphena Saru alimwona kupitia dirisha la jikoni akifungua lango, mrefu, mweusi wa kung'aa, kofia mkononi, na moyo ukampiga paa kama kawaida yake. Akaukemea. Leo huyu hakuwa Hudson wake wa Jumapili jioni. Leo alikuwa Hudson Muli, afisa wa afya wa baraza la mji, na alikuwa amekuja kuikagua nyumba ya baba yake.

Hata hivyo alijitazama kwenye kioo kabla ya kutoka. Alifunga kitambaa kichwani upya, akakifungua, akakifunga tena. Msichana anaweza kuwa na wasiwasi na mapenzi kwa wakati mmoja, na vyote viwili vinataka kitambaa kikae sawa.

"Hodi hapa."

"Karibu, Bwana Afya."

"Ahsante, dada."

Neno hilo "dada" lilimchoma kidogo, lakini alilimeza. Kwenye baraza ya nyumba Mzee Obadiah alikuwa ameketi katika kiti chake, miguu imenyooshwa, saa yake ya reli mfukoni. Alimpa kijana mkono bila kuinuka.

"Kagua, kijana," alisema. "Kagua mpaka uchoke. Hapa hutapata hata buibui."

Nyumba yenyewe ilikuwa ya mawe na mabati mekundu, katika mtaa wa nyumba za kuishi nyuma ya stesheni. Mzee Obadiah alikuwa gadi wa reli maisha yake yote ya kazi, akaijenga kidogo kidogo, jiwe kwa jiwe, kwa jasho lake. Alipostaafu, mkewe alikuwa ametangulia mbele ya haki, na vyumba viwili vya uani vilibaki vitupu. Ni Tryphena aliyewaza kulaza watalii. Wageni wa mbuga ya Tsavo walikuwa wengi kuliko vitanda vya hoteli, na wengine walipenda kulala kwenye nyumba ya watu, wakaamshwa na jogoo na kupewa chai ya maziwa. Vyumba hivyo ndivyo vilivyomsomesha mdogo wake Elsie kule Bura kwa masista. Ndivyo pia vilivyomfanya Tryphena atembee mjini kichwa juu.

Tatizo ni kwamba wengine waliona, wakaiga. Watu wenye nyumba mtaani lakini wanaoishi Mombasa wakaanza kuzikodisha kwa yeyote mwenye gari na mkoba. Mtaa wa kulea watoto ukageuka mtaa wa disko. Muziki mpaka alfajiri, chupa barabarani, magari yamezibia watu malango, wanaume wasiojulikana wakiuliza maswali wasichana wanaotoka kisimani. Majirani wakapiga kelele, baraza likatunga sheria ndogo: hakuna nyumba ya mtaa wa kuishi itakayolaza mgeni wa kulipa bila kibali. Mwenye nyumba aishi humo humo. Wageni wawe na choo na bafu lao. Maji machafu yasivuke mpaka wa kiwanja. Na majirani waulizwe.

Siku ya mkutano, wenye nyumba wote walinung'unika. Tryphena peke yake alisimama, mikono kiunoni, akasema maneno ambayo mtaa mzima uliyakumbuka: "Sheria ije. Na ianzie kwetu."

Basi ilikuwa imekuja, na tai yake.

Walianza na vyumba. Hudson aligusa mashuka, akatazama chandarua, akainua mtungi wa maji ya kunywa akaunusa.

"Yamechemshwa?"

"Kila asubuhi."

"Wageni wenu huandikisha majina yao?"

"Baba huwauliza yeye mwenyewe. Mtu asiyetaka kusema ametoka wapi, hapa halali."

Hudson aligeuka upande wa dirisha, lakini Tryphena alikuwa ameshaona tabasamu limempenya. Waliingia chooni, wakatoka. Kilikuwa kisafi hata ungeweza kukaribisha mtu chai ndani. Tryphena alianza kuvimba. Kila mlango alioufungua aliufungua kwa madaha zaidi, na kila mara macho yao yalipogongana, alimwona Hudson akimeza mate na kukaza tai yake. Alijua anachokifikiria. Jumamosi ilikuwa karibu. Jumamosi ami yake Hudson, Mzee Munyao, angekuja kutoka Kibwezi na mbuzi wa ntheo, wale ambao Wakamba hupeleka kwa kina binti kusema, huyu tumemwekea alama, wengine wasimtazame.

"Hapa ni bafu la wageni," alisema Tryphena. "Baba aliliweka saruji mwenyewe."

Hudson aliinama. Sakafu ilikuwa nzuri, imeinamishwa vizuri, na kwenye kona kulikuwa na tundu la kutolea maji.

"Maji haya yanakwenda wapi?"

"Nje."

"Nje wapi?"

Miaka yote hiyo Tryphena alisugua sakafu ile kwa mikono yake, akamwaga ndoo ya mwisho, akayaona maji yakiingia tunduni na kupotea. Hakuwahi kuyafuata. Nani hufuata maji machafu?

Hudson aliyafuata. Alizunguka nyuma ya bafu, akaona mfereji mdogo aliouchimba Mzee, mnyofu kama reli, ukipita chini ya ua wa michongoma. Akasogeza matawi. Upande wa pili, katika kiwanja cha jirani yao Mable, maji yalikuwa yametuama, ya kijivu, yana povu la sabuni na ukijani pembeni. Mtoto wa Mable alikuwa amechuchumaa hapo na kikombe cha bati, akipika matope.

"Toka hapo, toka!" Mable alikuja mbio, kitoto kingine mgongoni, akamnyanyua yule wa kikombe. Alipomwona Bwana Afya na Tryphena wakichungulia kupitia michongoma, alipata haya, kana kwamba yeye ndiye mwenye makosa.

"Mama Watoto," aliuliza Hudson kwa upole, "maji haya yamekuwa hapa tangu lini?"

"Tangu zamani."

"Na hukusema?"

Mable alimtazama Tryphena, akatazama chini. "Nitasema nini? Mzee Obadiah ndiye aliyemzika baba yangu. Nimwendee kumwambia habari za maji? Nilipanda migomba, nikasema itayanywa."

"Mtoto huyu ana afya?"

"Sasa ana afya," alijibu Mable. "Mwezi jana aliharisha mpaka nikamlaza hospitali. Lakini watoto huharisha."

Tryphena alikumbuka siku ile. Alikuwa amempelekea Mable uji hospitalini, akakaa naye kitandani, akamwambia Mungu yupo. Na muda wote ule maji yalikuwa yake. Masikio yakamwaka moto.

Mable alipoingia ndani, wawili hao walibaki nyuma ya bafu. Upande wa mbele Mzee Obadiah alikuwa anakohoa kile kikohozi chake cha kuuliza mbona mmechelewa. Hudson alikunja futi yake ya kupimia polepole, akaitia mfukoni.

"Sijaona kitu," alisema.

"Hudson."

"Vyumba safi. Choo safi. Maji ya kunywa yamechemshwa. Mwenye nyumba yuko. Nimemaliza."

"Umeona. Tumeona wote."

Aliinua uso, na uso ule haukuwa tena wa baraza la mji. "Tryphena, nisikilize. Unajua baba yako alivyo. Nikiifunga nyumba hii leo, Jumamosi ami yangu atafika hapo langoni na mbuzi, na baba yako atawaacha wasimame juani mpaka wachoke. Unajua."

"Najua."

"Na mama yangu je? Mama anatafuta sababu tu. Kila jioni ni hayo hayo: nyumba inayolaza wanaume wasiojulikana, msichana wake atakuwaje? Nimembembeleza mwezi mzima ndiyo akakubali ami aje. Safari hii ikiharibika, haitengenezwi tena." Alishusha sauti. "Nitaandika nyumba imepita. Kisha wiki ijayo, taratibu, tutachimba shimo. Nitakuja mwenyewe na jembe. Hakuna atakayejua."

Na hapo, msomaji wangu, ndipo palipokuwa pagumu. Mwanamume aliyempenda alikuwa amesimama mbele yake amelowa jasho shingoni, akimpa kila alichokitaka: nyumba, karo ya Elsie, Jumamosi, na yeye mwenyewe. Alichotakiwa kufanya Tryphena ni kunyamaza. Kunyamaza tu, kama Mable.

"Hapana," alisema.

"Hapana nini?"

"Usiandike hivyo. Nyumba imeanguka. Andika imeanguka."

"Tryphena, ninakupenda!"

"Ndiyo sababu!" Sauti ilimpanda, akaishusha. "Kama ungekuwa hunipendi ningekubembeleza unionee huruma, niseme huyu ni mtu wa ofisi, nimpake mafuta kidogo, tumalizane. Lakini wewe nitakuangalia kila siku ya maisha yangu. Nitakuwa nakuona na nakumbuka kwamba siku moja mtoto alikuwa anachezea maji yangu machafu, na wewe ukafumba macho kwa ajili yangu. Nitakuheshimu vipi? Na kesho ukienda kufunga nyumba ya mwingine, watasema nini? Watasema ya Tryphena ilipita kwa sababu Tryphena ni mzuri."

"Wewe ni mzuri kweli."

"Usinichekeshe, Hudson. Niko karibu kulia."

Alikuwa karibu kweli. Alikaza roho, akashika ncha ya tai yake, akainyoosha kifuani kama mke anayemwandaa mumewe kwenda kazini.

"Nilisimama mbele ya watu nikasema sheria ianzie kwetu," alisema. "Nenda ukamwambie baba. Mwambie umesimama wima. Usiangalie chini."

Hudson alimtazama kwa muda mrefu. Kuna kutazamwa ambako msichana hukuhifadhi mpaka uzeeni, na huku kulikuwa kumoja. Kisha akavaa kofia, akaenda mbele.

Tuseme kweli, alisimama wima. Alimwambia Mzee Obadiah habari ya maji, ya mtoto wa Mable, na kwamba vyumba vimefungwa mpaka lichimbwe shimo la kuyafyonza maji ndani ya kiwanja, lijazwe mawe, lifunikwe, na yeye aje alipime. Hakuongeza neno, hakupunguza. Mzee alimsikiliza hadi mwisho. Ndipo akainuka, na alipoinuka alikuwa mrefu kuliko kijana.

"Wewe ndiye unayetaka kunitumia wazee Jumamosi?"

"Ndiyo, Mzee."

"Na wewe ndiye unafunga mlango wangu Jumatano?"

"Ndiyo, Mzee."

"Basi nisikie vizuri. Mimi ni Mdawida, Mtaita wa kuzaliwa mlimani, sijafundishwa kubembeleza. Mtu aliyeufunga mlango wangu hataingia kwa mlango huo huo kuniomba binti. Ukoo wako wote, hakuna mguu utakaovuka hapa. Nimesema."

"Nimesikia, Mzee."

Hudson alibandika tangazo la baraza langoni kwa misumari midogo, akiligonga kwa adabu, na akaondoka bila kugeuka. Tryphena aliufuata mgongo wake kwa macho mpaka ukapotea nyuma ya maghala ya reli. Kisha akaenda jikoni akaponda kimanga cha viazi na maharagwe, akaponda kwa nguvu kuliko inavyohitajika, machozi yakimdondoka pembeni.

"Chumvi imezidi," alisema Mzee walipoanza kula.

"Iliyozidi ni yangu," Tryphena alijibu.

Baadaye, Mzee akiwa anafuta miwani yake, Tryphena aliweka kijiko chini. "Baba, nikuulize kitu cha reli."

"Uliza."

"Siku ulizokuwa gadi. Kama dereva ni rafiki yako, mmekula pamoja, na unaona njia mbele si salama. Ungempungia bendera ya kijani?"

Mzee Obadiah aliendelea kufuta miwani. Alifuta kioo cha kulia, akafuta cha kushoto, akarudi cha kulia.

"Mimi ndiye niliyemwambia aifunge," alisema Tryphena. "Yeye alitaka kuipitisha. Kwa sababu yangu. Mimi nikakataa. Kwa hiyo kama kuna mtu wa kufukuza, baba, nifukuze mimi."

Mzee alivaa miwani, akamtazama binti yake kana kwamba ndiyo kwanza ameivaa maishani. Taya lake lilicheza. Lakini alikuwa amekwisha kusema neno barazani, mtaa ukisikia, na Mzee Obadiah hakuwa mtu wa kula matapishi yake.

"Nimesema nilichosema," alijibu, na akaenda kulala.

Alhamisi Wajerumani wawili wenye Kombi walifika, wale waliokuja pia mwaka uliopita, wakashuka wakicheka na maboga waliyonunua Mwatate. Tryphena aliwaonyesha tangazo, akawaeleza mwenyewe bila kuuma maneno, akawaelekeza kwenye nyumba ya kulala wageni karibu na soko. Yule mama wa Kijerumani alimkumbatia, akamwachia boga moja. Majirani wakachungulia. Wapo waliofurahi, maana binadamu ni binadamu: "Si alisema ianzie kwao?" Tryphena alisikia, akafagia ua mpaka langoni, akafagia na mbele ya lango, polepole, ili kila anayetaka kumtazama amtazame vizuri.

Hudson hakuja. Hakutuma salamu. Usiku Tryphena alimkasirikia, kisha akamwelewa, kisha akamkasirikia tena kwa kumfanya amwelewe.

Ijumaa asubuhi alikuwa nyuma ya bafu na jembe la babake, akiikabili ardhi nyekundu ya Voi iliyokauka ikawa saruji. Alikuwa ameshachimba kipande kinachotosha kuzika paka. Mikono ilikuwa imemtoka malengelenge, na jasho lilikuwa limemwingia machoni, ndipo aliposikia wimbo.

Wimbo ulitoka upande wa soko, wa wanawake, mmoja anaanzisha na wengine wanaitikia, na ulikuwa wa Kikamba. Ulikaribia, ukakata kona, ukaingia mtaani. Tryphena alikwenda langoni na udongo mikononi. Wanawake kama dazeni walikuwa wanakuja barabarani, leso kiunoni, majembe na masururu mabegani, na mbele yao mama mfupi, mnene, mwenye kiondo mgongoni, kamba yake imempita utosini. Tryphena alimjua. Kila mtu wa Voi alimjua Mama Ndunge, muuza pojo na mbaazi, mama yake Hudson, ambaye hajawahi kumsalimia kwa kicheko.

Walisimama langoni. Wimbo ukakatika.

"Wewe ndiye Tryphena," alisema Mama Ndunge, kana kwamba alikuwa hajui.

"Ndiyo, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Kijana wangu ameniambia kitu. Jumatano alirudi, hakula. Alhamisi hakula. Nikamwambia, Muli, kama ni yule msichana amekuloga, sema. Akaniambia, mama, nilitaka kufanya makosa ofisini na yeye akanikataza. Akasema umemwambia, andika nyumba imeanguka. Ni kweli?"

"Ni kweli, mama."

"Ukijua Jumamosi itaharibika?"

"Nilijua."

Mama Ndunge aligeukia wenzake, akasema maneno machache ya Kikamba. Wanawake wakaguna wote kwa pamoja, guno refu. Kisha akamrudia Tryphena, na uso wake ulikuwa mgumu bado, lakini macho yalikuwa yamelowa.

"Mimi nilisema maneno mbaya juu ya hii nyumba. Nilisema huko sokoni, watu wakisikia. Sasa nimekuja kusema mbele ya watu pia. Nilikosa. Msichana wa namna hii nikimwacha, nitapata wapi mwingine? Shimo ni wapi?"

"Mama, hapana, haiwezekani mje kuchimba..."

"Sisi ni mwethya. Tunachimbiana mashamba, tunachimbiana visima. Shimo ya maji ya kuoga itatushinda?" Alishusha kiondo. "Onyesha."

"Lakini baba alisema..."

"Nimesikia alichosema. Hakuna mguu wetu kuvuka mlango. Ua wako hauna njia ya nyuma?"

Ilikuwepo. Ilikuwa kwa Mable. Na Mable, ambaye alikuwa amesikia yote kupitia michongoma, alishaanza kuikata kwa panga, akitengeneza mwanya wa watu kupita, mtoto mgongoni, anacheka na kulia kwa pamoja.

Kelele iliyofuata haijawahi kusikika nyuma ya stesheni. Wanawake walichimba kwa zamu, wanne shimoni na waliobaki wanapokea udongo, na wimbo hauachi. Udongo mwekundu ulipaa. Tryphena aliingia shimoni, wakataka kumtoa, akakataa. Bega kwa bega na Mama Ndunge alichimba, na kila aliposimama kupumua, mama huyo alimtupia jicho, akasema, "Umechoka?" Naye akajibu, "Bado." Mable alileta mawe yaliyobaki kwenye msingi wa nyumba yake, hata wale waliokuwa wanachungulia jana wakaona haya, wakaleta ya kwao.

Saa sita Tryphena alileta maji ya kunywa. Wenzake walikunywa. Mama Ndunge alikiangalia kikombe, akakirudisha.

"Kwetu hatunywi kwa kina binti kabla mbuzi haijafika," alisema. "Nitakunywa siku yake."

"Na kama siku yake haitafika?"

"Nitakaa na kiu," alisema Mama Ndunge, akarudi shimoni.

Mzee Obadiah alikuwa ameketi mbele barazani muda wote huo, anaangalia barabara, mgongo kwa kelele. Hakuuliza. Ila Tryphena alipopita alimwona ameishika saa yake mkononi, kifuniko kimefunguka, na haiangalii.

Jumamosi walikuja kweli. Mzee Munyao mbele, mwembamba, na bakora. Nyuma yake vijana wawili wanavuta mbuzi. Mama Ndunge na leso mpya. Mwisho kabisa Hudson, bila tai. Mtaa mzima ulikuwa umesimama malangoni kwao, maana habari ya neno la Mzee Obadiah ilikuwa imeshafika hadi Mwatate. Walifika mbele ya lango lenye tangazo, wakasimama nje yake. Mbuzi mmoja akaanza kula ua.

"Hodi hapa kwa Mzee Obadiah," aliita Mzee Munyao.

Tryphena alikuwa amesimama nyuma ya dirisha la sebule, mikono yenye malengelenge imeshikana. Alimwona Hudson. Hudson alimwona. Hakuna aliyetabasamu. Jua lilikuwa linapanda, na alijua baba yake anaweza kuwaacha hapo mpaka litue, kwa sababu alimjua baba yake, na kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa mtoto wake.

"Hodi," aliita Mzee Munyao mara ya pili.

Mzee Obadiah alitoka chumbani. Alikuwa amevaa koti lake jeusi la reli lenye vifungo vya shaba, lile alilokuwa hajalivaa tangu siku ya kustaafu, na vifungo vilikuwa vimesuguliwa. Hakusema na binti yake. Alinyanyua kiti chake cha barazani, kiti kizito cha mti wa mvule, akaweka begani, akateremka ngazi. Akavuka ua. Akafungua lango, akatoka, akakiweka kiti kile barabarani, vumbini, mbele ya wageni na mtaa mzima. Lakini hakukalia. Akamwonyesha Mzee Munyao kwa mkono.

"Kaa, mzee mwenzangu. Umetoka mbali."

Mzee Munyao alikaa, akishangaa.

"Nilisema hakuna mguu wenu utakaoingia kwa mlango wangu," alisema Mzee Obadiah kwa sauti ya kusikiwa hadi stesheni, "na mimi neno langu silirudishi. Lakini sikusema kwamba mimi sitatoka." Akamgeukia Hudson. "Kijana."

"Mzee."

"Nilikwenda nyuma alfajiri. Nimeliona lile shimo. Halijafunikwa."

"Ndiyo, Mzee. Bado."

"Kwa hiyo utavifungua vyumba vyangu leo, kwa kuwa umeniletea mbuzi?"

Tryphena alikuwa ameshatoka, yuko langoni, na alimwona Hudson akimtafuta yeye kwanza kwa macho, kisha akasimama wima, na hakuangalia chini.

"Hapana, Mzee. Likifunikwa, nitakuja kulipima. Likiwa sawa, nitafungua. Siku hiyo nitakuja kazini, si ukweni."

Mzee Obadiah alimtazama. Kisha kitu ambacho Tryphena hakuwa amekiona tangu mama yake alipofariki kilianza kwenye pembe za mdomo wa baba yake, kikapanda mpaka machoni.

"Tryphena!" aliita bila kugeuka. "Leta viti vingine. Vyote. Na leta maji, mama huyu ana kiu tangu jana."

Alikimbia. Alileta viti vya sebuleni, viti vya jikoni, na stuli za vyumba vya wageni, na watu wa mtaa wakampokea. Mara ya mwisho alileta maji, akapiga magoti vumbini mbele ya Mama Ndunge, akampa kikombe kwa mikono miwili yenye vidonda vya jembe. Mama Ndunge aliiangalia ile mikono kabla ya kupokea. Akanywa mpaka kikombe kikaisha, akakigeuza chini kumwonyesha kila mtu kwamba kimeisha.